Fomu nimejaza yote, limebaki swali la tisa

BARUA

Mama, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, wale wa kusoma na kupita. Leo naandika kwa sababu hapa nilipo nimekosa mtu wa kumwambia, na ukisoma utaona kwa nini.

Ni muuguzi mkunga katika hospitali ya wilaya, Nyanda za Juu Kusini. Nina miaka 34 na watoto watatu, wa mwisho ana miezi mitano. Mume wangu ni dereva wa malori ya mzigo, Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Akitoka ametoka, maana foleni ya mpakani peke yake inaweza kumla siku kadhaa. Nyumbani niko na mama mkwe, aliyekuja kunisaidia nilipojifungua na bado yupo.

Tangu mtoto afikishe miezi miwili hivi, sijielewi. Watu wanasema ni uchovu wa uzazi, nami nilisema hivyo hivyo. Lakini uchovu wa uzazi naujua, huu ni wa tatu. Hiki ni kitu kingine. Mtoto akilala mimi silali, nakaa ukingoni mwa kitanda namtazama anavyopumua. Kazini mikono inafanya yenyewe: nazalisha, nafunga kitovu, najaza patografu (chati ya uchungu), nampongeza mama, huku ndani yangu hamna kitu. Juzi mama mmoja alihangaika usiku kucha, alfajiri akajifungua mapacha, wote wazima. Wodi nzima ikapiga vigelegele. Mimi nikaingia stoo, nikakaa juu ya maboksi ya glavu, nikalia, na hayakuwa machozi ya furaha. Halafu kuna usiku mwingine, nakwambia wewe tu, nawaza laiti ningelala nisiamke. Sijapanga lolote. Wazo linakuja, mtoto analia, naamka kumnyonyesha, linapita. Kesho yake linarudi.

Najua ugonjwa huu unaitwaje. Nimeusoma chuoni. Ndiyo maana aibu inanizidi, kwa sababu mimi ndiye ninayesimama asubuhi kliniki kuwapa kina mama somo la afya.

Hapa hospitali tuna mratibu mmoja wa afya ya akili. Ni kijana mwema, na mke wake tuko naye kikoba kimoja. Nikienda kwake, jina langu linaingia kwenye mfumo, na mfumo huo tunaufungua wengi: mapokezi, maabara, dirisha la dawa. Mwaka jana mtumishi mwenzetu alipelekwa Milembe, hospitali ya akili kule Dodoma, kutibiwa, akarudi mzima, anachapa kazi vizuri tu. Mpaka leo akikosea hata hesabu ya chai, hakosi wa kusema, "Milembe hiyo." Yeye hucheka. Mimi sitaweza kucheka.

Basi nikatafuta mtandaoni. Nimepata kliniki binafsi ya Dar, daktari bingwa wa magonjwa ya akili anakuona kwa simu ya video. Miadi ya kwanza ni saa moja, shilingi 80,000. Marudio ni nusu saa, 50,000. Unalipa kwa simu kabla ya kuonwa, na bima yangu hawaipokei. Wamenitumia fomu. Nimejaza umri, dawa ninazotumia, magonjwa ya ukoo. Kuna maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha. Manane nimeyajibu. La tisa linauliza kama nimekuwa nikiwaza kwamba ni bora ningekufa, au kujiumiza. Hapo nimekwama, fomu iko kwenye simu mpaka sasa. Nikijibu ndiyo, nani ataisoma? Wataniripoti kazini? Wataita polisi? Leseni yangu je? Wataniona sifai kukaa na mtoto? Nikijibu hapana, nitakuwa nimelipa 80,000 ili nimdanganye daktari.

Halafu nitaongelea wapi? Nyumba ni ndogo, na mama mkwe akisikia "daktari wa akili" atakuwa amempigia mwanawe kabla mimi sijakata simu. Ameshasema nipelekwe kwenye maombi. Mume wangu ni mtu mzuri, ila akiwa barabarani tunaongea dakika kumi: watoto, ada, umeme, basi. Nitaanzia wapi? Naogopa pia kuandikiwa dawa wakati nanyonyesha. Na huyo daktari asiyenijua, ataniona nini kwenye kioo cha simu?

Niambie mama, hii ya mtandaoni ni tiba ya kweli, au nakimbia tu?

Mkunga, Nyanda za Juu Kusini

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na hilo la usiku, kwa sababu umelitaja haraka ukalifunga haraka. Unasema hujapanga lolote, nami nakuamini. Lakini tukubaliane jambo moja kabla hatujafika kwenye bei na bando. Wazo hilo likibadilika sura, likaanza kukuonyesha namna au siku, au ukaona halipiti tena mtoto anapolia, usisubiri miadi ya mtu yeyote. Mwamshe mama mkwe usiku huo huo, uende mapokezi ya dharura ya hospitali yenu, hata kama walioko zamu wote wanakuita kwa jina. Ni hivyo hivyo ukianza kusikia sauti, au ukikesha siku mfululizo bila kuchoka, au ukianza kuamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto. Wewe ni mkunga, unajua kwamba hayo huwa ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Siri yako tutaishughulikia baadaye.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara kadhaa na naona ndani yake mambo mawili yamesukana. La kwanza, unaumwa (dalili zako zinafanana na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, ya baada ya kujifungua) na unataka kutibiwa. Hilo huna ubishi nalo, umeshatafuta daktari, umeshajaza fomu. La pili, unataka kutibiwa bila mtu hata mmoja wa karibu yako kujua. Kliniki ya mtandaoni umeipenda kwa sababu inaonekana kukupa yote mawili kwa mpigo. Hapo kwenye la pili ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Wengine wangekurushia "mficha maradhi kilio kitamuumbua" wakakuacha hapo. Mimi sikurushii, maana sababu yako ya kuficha naiona. Mgonjwa wa kawaida akienda hospitali ya wilaya anakutana na wageni. Wewe unakutana na wenzako wa zamu, na kesho yake unakaa nao kwenye chai. Hilo la "Milembe hiyo" nalo nalijua. Watu wanalitamka kama utani na hawana habari linavyomkata aliye kimya pembeni. Kwa hiyo usijione mwoga kwa kumtafuta daktari wa mbali.

Tuje kwenye swali la tisa. Fomu uliyonielezea inafanana sana na ile inayotumika dunia nzima tangu mwaka 2001: maswali tisa, kila moja alama sifuri hadi tatu, jumla haizidi 27. Alama zake peke yake si ugonjwa wala hukumu, zinampa daktari mahali pa kuanzia. Na kwa mama mwenye mtoto wa miezi mitano zinaweza hata kupotosha, kwa sababu zinauliza usingizi, uchovu na hamu ya kula. Nani ananyonyesha usiku halafu asiwe na alama hapo? Ndiyo maana watafiti kina John Cox wa Edinburgh, Uskoti, walitoa mwaka 1987 kipimo cha kina mama waliojifungua, maswali kumi yanayoegemea zaidi hali ya moyo. Unaweza kumwomba daktari akutumie na hicho pia. Ila nikutahadharishe, swali lake la kumi linauliza lile lile, kwa hiyo hapo hukwepi.

Ukijibu ndiyo inakuwaje? Kwa daktari anayeijua kazi yake, inafuata mfululizo wa maswali mengine yanayoulizwa kwa utulivu. Wazo linakuja mara ngapi? Umewahi kufikiria namna? Nini kinakuzuia? Nani yuko karibu nawe usiku? Kutamani kulala usiamke ni kitu wanachokisikia kila wiki, na kina ngazi zake. Daktari anataka kujua uko ngazi gani ili ajue kama akuone baada ya wiki nne au baada ya siku tatu. Ukijibu hapana, atakupangia tiba ya mtu mwingine, ambaye hana wazo hilo.

Kuhusu polisi: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinazungumzia kujaribu kujiua. Kuwaza hakumo, na kumweleza daktari hakumo. (Wenzetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, Mahakama Kuu yao ikakitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Kwetu bado kimo kitabuni, na mimi binafsi naona kinawaogopesha wagonjwa kuliko kinavyomsaidia yeyote.) Kuhusu leseni, wauguzi niliowaona wakiingia matatani ni wale waliokosea dawa zamuni kwa kukosa usingizi miezi mizima. Aliyeitwa kujieleza kwa sababu tu anatibiwa sonona sijakutana naye. Lakini sitakudanganya kwamba siri ya daktari haina mpaka. Akiona maisha yako yako hatarini saa hiyo hiyo, atamtafuta mtu wa kukufikia. Mwulize mwanzoni kabisa: "Daktari, ni wakati gani utamwambia mtu mwingine, na utamwambia nani?" Atakavyojibu swali hilo, utajua upo na mtu wa namna gani.

Unauliza ataona nini kwenye kioo cha simu. Ataona mengi kuliko unavyodhani. Tiba hii tangu zamani ni ya kuongea na kutazamana. Huko Nebraska, Marekani, walianza kuwahudumia wagonjwa wa akili kwa televisheni ya pande mbili tangu mwaka 1959, kabla wewe na mimi hatujajua simu ya video ni nini. Kwa ugonjwa kama wa sonona, mazungumzo ya video yakiendeshwa vizuri hayaachani mbali na ya ana kwa ana. Kinachopungua ni cha mwili. Hashiki mapigo yako, hakupimi presha wala uzito, na mguu unaotikisika chini ya meza haumfikii. Wewe presha na uzito unaweza kujipima ukampelekea. Ishia hapo. Isije siku ukajiandikia diazepam ya kulalia kwa sababu funguo za kabati la dawa unazishika wewe.

Miadi ya kwanza huwa hivi. Atakuuliza jina, halafu mahali ulipo saa hiyo, kabisa kabisa, mtaa na wilaya. Usishtuke, simu ikikatika wakati una hali mbaya ajue aelekeze msaada wapi. Atauliza kama kuna mtu mwingine chumbani. Atataka namba ya kawaida ya kukupigia mtandao ukizingua. Kisha ndiyo historia: ilianza lini, uzazi uliopita ulikuwaje, kazi, zamu, ndoa, pombe, ugonjwa wa akili kwenye ukoo, kuna aliyewahi kujiua? Atakuuliza pia kama umewahi kupitia kipindi cha kinyume, siku umechangamka kupita kiasi, hulali na huchoki, unatumia fedha ovyo. Usilipite juu juu swali hilo. Dawa za sonona akipewa mtu mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka zinaweza kumrusha juu, kwa hiyo jibu lako linabadilisha dawa. Saa moja itaisha ukiona bado mapema. Wengi wanamaliza wamechoka kama waliopanda mlima, na wengine wanahisi wamesema mengi mno. Kesho yake hisia hiyo hupungua.

Dawa si fani yangu, nitakupa yale tu unayoweza kumwuliza. Kunyonyesha peke yake hakukuzuii kutibiwa. Sertraline, kwa mfano, huchaguliwa mara nyingi kwa mama anayenyonyesha kwa sababu inayoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Hazifanyi kazi kesho asubuhi, huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi, na siku za mwanzo unaweza kupata kichefuchefu au wasiwasi ukaongezeka kidogo. Ukipata nafuu utashawishika kuacha ghafla, na hilo halifai. Kwa jinsi usiku wako ulivyo, mwombe akuandikie kidogo kidogo, si za miezi mitatu kwa mpigo, na mtu mwingine akae nazo. Uliza pia kama kliniki ina mwanasaikolojia. Si kila sonona inaanzia kwenye kidonge, na hata penye kidonge, maongezi ya kitaalamu yanafanya kazi ambayo kidonge hakifanyi.

Sasa rudi kwenye siri. Daktari wa Dar akisema anataka wingi wa damu na homoni za tezi la shingo (na daktari makini anaweza kutaka, maana tezi huvurugika kwa baadhi ya wanawake ndani ya mwaka mmoja wa kujifungua na dalili zinafanana na hizi), utapimwa wapi? Maabara yenu, au usafiri. Akikutumia cheti cha dawa kwa simu, utakipeleka duka gani, na muuzaji ni shemeji wa nani? Ukilipa kwa simu, ujumbe unaingia na jina la kliniki, na simu hiyo mtoto wako wa kwanza anachezea. Fomu yenyewe umetumiwa kwa WhatsApp? Anayejibu namba ile ni daktari, au ni kijana wa mapokezi anayesoma fomu zote? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya yako ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Una haki ya kuuliza zinahifadhiwa wapi na nani anazifungua, na usione haya kuuliza.

Na kabla ya kulipa hiyo 80,000, pata jina la daktari mwenyewe, jina la kliniki halitoshi. Omba namba yake ya usajili, kisha uihakikishe kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Uliza kama kweli ni bingwa wa magonjwa ya akili, maana mtandaoni siku hizi kila anayetoa ushauri anajiita daktari. Fedha iende kwa jina la biashara, isiende kwa namba ya mtu binafsi. Uliza nani anapokea simu saa nane ya usiku kati ya miadi na miadi. Kliniki nyingi za aina hii hazipokei, na ni haki yao, ila wewe ulijue mapema. Mtandao ukikata katikati, miadi inarudiwa au fedha imekwenda? Anayekuahidi kupona ndani ya siku saba na ana virutubisho vyake vya kuuza, mpungie mkono.

Piga na hesabu. Tiba ya sonona kwa kawaida huendelea miezi sita au zaidi baada ya kupata nafuu. Miadi ya kwanza na marudio sita tu ya kila mwezi ni 380,000, bado dawa na bando. Kama unaimudu, sawa. Kama itatoka kwenye kikoba, mke wa mratibu atajua una mkopo hata kama hajui wa nini.

Ndiyo maana napenda tuangalie na milango mingine, bila kukufungia wa kwanza. Kuna hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda, mji mwingine, siku ya kliniki ya akili. Bima yako inafanya kazi, nauli unailipa, na humo koridoni wewe ni mama mwenye mtoto mgongoni kama wengine. Ubaya wake ni kuomba ruhusa kazini kila mwezi, foleni, na pengine kila safari daktari mwingine. Kuna kuchanganya: uchunguzi wa kwanza na dawa vianzie mtandaoni, marudio yahamie kwenye bima hali ikitulia, kwa barua ya daktari huyo. Hapo hatari ni kukatikia njiani, maana wengi wakipata nafuu barua haifiki.

Na kuna yule kijana wenu. Umemwita mwema. Wewe mwenyewe umeshika siri za wanawake wangapi wilayani humo, za mimba, za majibu ya vipimo, za watoto ambao baba zao si wale wanaodhaniwa? Umezitoa? Basi sina hakika kwa nini yeye umemhesabu tayari kuwa ameshaitoa yako. Labda una ushahidi, labda umemwona akiteleza. Kama huna, unaweza kumwuliza jambo dogo tu, nje ya chumba chake: mtumishi akiumwa, anaandikwaje kwenye mfumo, na kuna namna ya kumwona mtu bila faili lake kusomwa na wote? Hilo swali unaweza kuliuliza kama mtumishi, hujasema ni wewe. Lakini wilaya ndogo ni wilaya ndogo. Ukiona hapana, ni hapana.

Kitu kimoja sikuzungumza mapema kwa makusudi. Kliniki yoyote nzuri ya mtandaoni itakuomba jina na simu ya mtu mmoja aliye karibu nawe, wa kupigiwa ukiwa hatarini. Daktari yuko Dar, hawezi kugonga mlango wako. Nimeipitia barua yako nikimtafuta mtu huyo. Mama mkwe umemtoa, mume umemtoa, mratibu umemtoa, rafiki wa kikoba umemtoa. Wote kwa sababu zinazoeleweka. Lakini nafasi ile kwenye fomu itabaki wazi, na naona inakusumbua kuliko hata swali la tisa.

Mume wako anapata dakika kumi akiwa anaendesha. Akiwa kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa ana mchana mzima, amekaa chini ya lori anasubiri karatasi. Mpigie wewe saa hizo. Huhitaji hotuba: "Tangu nijifungue sijawa sawa, nataka kuonana na daktari, na nataka wewe ndiye ujue." Huenda akanyamaza, wanaume wengi hunyamaza kwanza. Huenda akasema neno la kukuumiza bila kujua, kwamba umechoka tu. Hiyo ni hatari ya kweli na siifichi. Huenda pia anajua muda mrefu kuna kitu, na ameshindwa kuuliza kama wewe ulivyoshindwa kusema.

Mama mkwe nimemfikiria sana. Umemchora kama sikio la ukutani. Lakini huyu ni mama aliyeacha nyumba yake miezi mitano anambeba mtoto wako ukiwa zamu, na ameona kitu mpaka akasema maombi. Lugha yake ni ya maombi, ila alichokiona ndicho unachokiona wewe. Maombi na daktari si lazima vigombane, wengi wanakwenda kotekote. Si lazima umweleze yote. "Mama, nina maongezi na daktari saa nzima, nishikie mtoto" ni kweli tupu na inatosha kwa siku ya kwanza. Au ungoje siku anayokwenda jumuiya, ukae chumbani na hedifoni. Kama unajua kabisa kwamba atakigeuza kuwa kikao cha ukoo, basi mwache nje, labda mtu wako ni dada yako, au yule uliyesoma naye chuo. Mtu mmoja tu, anayefika kwako ndani ya saa moja.

Umeniuliza kama unakimbia tu. Labda kidogo, ndiyo. Nami sioni ubaya mtu kumkimbilia daktari. Aibu ya kwamba wewe ni mkunga ungepaswa kujua, naomba uiangalie upya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi kama zetu karibu mama mmoja kati ya watano hupata ugonjwa wa akili baada ya kujifungua, na sonona ndiyo inayoongoza. Katika hao, wewe ungewatoa wauguzi kwa kigezo gani?

Ukiamua kuonana na huyo wa video, usiweke miadi asubuhi unayotoka zamu ya usiku, weka siku ya pili yake ukiwa umelala walau kidogo. Simu iwe na chaji, bando la saa nzima na ziada, uso wako uelekee dirishani ili akuone. Andika kwenye karatasi mambo matatu usiyotaka kusahau kuyasema, na la usiku liwe la kwanza. Nibusie huyo mjukuu wangu wa miezi mitano.